Naomba ushauri: santuri za marehemu baba nizigawe bure mtandaoni?

Mrithi wa Kibokoni

Assalaam aleikum wanajukwaa. Marehemu baba ameniachia sanduku la santuri za taarabu, nyingi za mizunguko 45 kwa dakika, na baadhi ni za lebo (kampuni ya kutoa santuri) ya Mzuri, iliyokuwa ikiendeshwa hapa Mombasa na duka la Assanand & Sons. Kwenye jalada moja baba ameandika jina la aliyemwazima, na chini yake, kwa herufi kubwa, HAJARUDISHA. Santuri yenyewe imo, kwa hivyo nadhani ilirudi baada ya ugomvi.

Mwaka jana nilirekodi wimbo mmoja kwenye kompyuta nikamtumia rafiki kwa WhatsApp. Haukupita mwezi nikausikia kwenye chaneli ya mtu nisiyemjua, umezungukwa na matangazo ya biashara. Niliutambua kwa mkwaruzo unaogonga mara tatu kabla ya udi kuingia. Sasa lebo ndogo ya Ulaya inaomba kuazima santuri nane ili izitoe upya, kwa sharti kwamba nisisambaze faili zake. Vijana wa mtaani wanasema nikikubali nimewauzia wageni urithi wetu. Nifanyeje?

Sindano Kuukuu

Mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Usiogope kwamba faili itashusha bei ya santuri, kwani wimbo ukishasikika mtandaoni ndipo sisi wakusanyaji huanza kuisaka sahani yenyewe, pamoja na jalada lake na mikwaruzo yake. Anayeumia ni mwenye lebo ndogo: akichapisha nakala mia tano, gharama zote huzitoa mwanzoni, na wanunuzi mia moja tu wakitosheka na faili, hapati fedha ya toleo linalofuata. Nyimbo kadhaa za hapa petu nilizisikia tena kwenye juzuu ya Zanzibara, mfululizo wa lebo ya Ufaransa, Buda Musique, inayokusanya taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, nayo ina kijitabu cha maelezo. Faili ya WhatsApp haijapata kunitajia hata mpiga fidla.

Binti wa Mpiga Udi

Mnazungumza kana kwamba mwenye santuri ndiye mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda rekodi kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya 1968 yaweza kuwa huru ilhali mashairi yake yana wenyewe. Baba yangu alilipwa mara moja, siku ya kurekodi, na kanda zake zilinakiliwa madukani kabla hatujaijua intaneti, wala hakuna aliyetubishia hodi. Waulize hao wa Ulaya: jamaa za waimbaji wamewapata, na watawalipa vipi?

Mrithi wa Kibokoni

Ahsante, dada. Nimewaandikia, nao wamekiri kwamba wamepata jamaa za waimbaji wa santuri tatu tu. Hizo nitawaazima, na jina lao nitaliandika kwenye majalada kama alivyofanya baba. Tano zilizosalia zitabaki sandukuni mpaka wenyewe wapatikane.