Tawi la mwembe lenye maua: wino, rangi ya maji au penseli za rangi?

Kikonyo
Habari zenu. Nahitaji mchoro mmoja wa tawi la mwembe: majani yaliyokomaa ya kijani, majani machanga yenye rangi ya shaba na kishada cha maua. Utachapwa kwenye mwongozo wa kutambua miti kwa upana wa sm 12, na mchoro wenyewe utatundikwa ukutani. Kwa kazi hizo mbili, mngechagua njia ipi, na kila njia huharibikia wapi?

WinoMweusi
Kwa mwongozo, wino. Ua la mwembe ni la milimita chache tu, na kwa kawaida stameni (kiungo cha kiume cha ua) moja ndiyo yenye poleni, nyingine zimedumaa. Jambo hilo linahitaji mchoro mdogo pembeni uliokuzwa mara 8 au 10, na mstari safi wa wino huutenganisha uzi wa stameni na petali kuliko rangi yoyote.

Chora kwa upana wa sm 18, kisha upunguzwe hadi sm 12. Mstari wa mm 0.2 utabaki takriban mm 0.13, bado unasomeka. Wa mm 0.1 utashuka hadi 0.07 na utakatikakatika ukichapwa. Kivuli kiwe cha vitone, mwanga ukitoka juu kushoto, na vitone vya sehemu yenye giza visigusane, maana vikipunguzwa hushikana na kuwa doa jeusi. Skani kwa nukta 1,200 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu.

TabakaTabaka
WinoMweusi, kwa ua nakubali, lakini kwa majani hapana. Shaba ya majani machanga ni alama ya kuutambua mti, na wino hauisemi. Hapo ni rangi ya maji, kwenye karatasi laini ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi yenye mikwaruzo huvunja ukingo wa jani.

Anza na tabaka jepesi sana na uuache mng'ao wa jani ukiwa karatasi tupu. Likauke kabisa, kisha ongeza matabaka manne hadi sita, la mwisho kwa brashi namba 1 iliyokaushwa karibu yote. Ukirudi juu ya tabaka bichi, unalinyanyua na kuacha mabaka. Kijani kichanganywe kwa buluu PB15 na njano PY154 (hizi ni namba za pigmenti zinazoandikwa kwenye tyubu), pamoja na chembe ya siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia nyekundu. Rangi nne au tano pamoja huleta tope. Kwa shaba, nyekundu-zambarau PV19 na hiyo hiyo siena. Usiguse PR83, nyekundu ya alizarini, hata kama wekundu wake unavutia: huchujuka kwa mwanga, na wewe unataka kutundika.

Tena, maua kwanza. Yananyauka wakati majani bado yako imara. Siku ya kwanza, paka vipande vya sampuli za rangi pembeni na uandike mchanganyiko wa kila kimoja. Ferdinand Bauer, mchoraji wa mimea, katika safari ya Australia ya 1801 hadi 1803, aliandika kwenye michoro yake ya penseli namba za rangi zinazokaribia 1,000, akapaka baadaye. Ni mbinu inayofaa hadi leo.

NtaNaKaratasi
Penseli za rangi zisidharauliwe kwa jani la mwembe, lenye mishipa mingi ya pembeni. Kabla ya rangi, bonyeza mishipa kwenye karatasi kwa ncha butu ya chuma. Rangi itapita juu na mfereji utabaki mweupe. Ila mfereji uliokosewa haufutiki, kwa hiyo upitishe juu ya karatasi ya kunakilishia yenye mchoro uliokwisha sahihishwa.

Kosa kubwa ni kukandamiza mapema. Vishimo vya karatasi vikijaa nta, tabaka la tatu linateleza tu. Penseli za nta pia hutoa utando mweupe baada ya siku kadhaa. Futa taratibu kwa kitambaa laini. Waridi na zambarau ndizo zinazochujuka haraka zaidi, basi zijaribu kwanza: paka ukanda, funika nusu, uache dirishani miezi mitatu.

Kikonyo
Asanteni. Je, naweza kuunganisha wino na rangi ya maji? Na umbo la mti mzima niliweke pembeni?

WinoMweusi
Unaweza, kwa wino wa chembe usioyeyuka kwa maji. Chora mstari, subiri siku nzima, pitisha brashi yenye maji. Ukitoa hata kivuli cha kijivu, uache.

ShinaNaTawi
Mti mzima uweke mdogo, kama kivuli tupu. Kwa unene wa matawi, Leonardo da Vinci aliandika kwamba matawi ya kila hatua yakiunganishwa yanalingana na unene wa shina, yaani ni maeneo ya mikato yao yanayojumlishwa, si vipenyo. Kwa hiyo shina la kipenyo cha sm 40 likigawanyika mara mbili sawasawa, kila tawi liwe karibu sm 28, si 20. Wengi huchora 20, na mti unaonekana kama uma.

Ukitaka kuliachia umbo lizungumze lenyewe, kama mchoraji Mholanzi Piet Mondrian katika miti yake ya 1908 hadi 1912, ambako matawi yanakaribia kuwa tao na mistari mitupu, ufanye kwenye karatasi nyingine. Hapo unachagua cha kuacha. Kwenye mwongozo, ukiacha pembe ya kikonyo, msomaji atautaja mti mwingine.

TabakaTabaka
Na usiandike "mara 1.5" chini ya mchoro. Ukipunguzwa, namba hiyo inakuwa uongo. Chora mstari wa kipimo wa sm 5 kando ya tawi na wa mm 2 kando ya ua. Vitapungua pamoja na mchoro.