Naomba ushauri: Dolby au DTS kwa filamu za nyumbani?

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na sauti ya kuzunguka. Nina spika tano na sabufa moja, na baadhi ya diski zangu hunipa uchaguzi kati ya Dolby Digital na DTS, yaani mifumo miwili ya kubana sauti, kwa filamu ileile.

Ninavyofahamu, Dolby Digital huishia kilobiti 448 kwa sekunde kwenye DVD na 640 kwenye Blu-ray, ilhali DTS ya kawaida inaweza kukaribia 1,509. Hata hivyo, tarakimu hizo peke yake hazinishawishi, kwa kuwa kila mfumo hubana sauti kwa mbinu yake. Ninapobadilisha, DTS husikika kwa nguvu zaidi, hasa mvua na ngurumo kwenye spika za nyuma, lakini nashuku kwamba ni ukubwa wa sauti tu unaonivutia, wala si ubora. Je, ninyi husawazishaje sauti kabla ya kulinganisha?

Linalonitatiza zaidi ni Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambazo hazipotezi chochote cha rekodi ya studio. Runinga yangu ina HDMI ARC (njia ya kutoa sauti ya runinga kwa waya wa HDMI), si eARC (toleo lake jipya lenye uwezo zaidi), hivyo haiwezi kuzipitisha. Nikiunganisha deki moja kwa moja kwenye risiva (kifaa kinachopokea sauti na kuendesha spika), je, tofauti itasikika katika chumba kidogo, au fedha zangu zitafaa zaidi kwenye spika bora ya katikati? Mimi huthamini sana mazungumzo ya waigizaji yanayosikika wazi, kuliko spika za dari za Atmos (mfumo wa Dolby unaoongeza sauti ya kutoka juu).