Mjadala: Je, mkataba na kampuni kubwa huiua bendi ya wasimulizi? Tuwatazame The Decemberists

Mleta mada

Ndugu zangu, miongoni mwa wapenzi wa muziki unaojitegemea kuna imani iliyokomaa hadi ikawa kama sheria: bendi ikishatia saini na kampuni kubwa ya kurekodi, nyimbo zake zitafupishwa, makali yake yatapunguzwa, na kitakachobaki kitakuwa bidhaa ya redio. Naleta hoja kwamba imani hiyo, ikipimwa kwa safari ya The Decemberists wa Portland, Oregon, haisimami, na ninawaomba watakaonipinga wataje albamu na mwaka badala ya kueleza jinsi walivyoumia moyo.

Kwa asiyewafahamu, bendi hii iliundwa mwaka 2000, na mtunzi na mwimbaji wake ni Colin Meloy, mzaliwa wa Helena, Montana, ambaye kabla ya hapo aliongoza bendi iitwayo Tarkio katika mji wa Missoula. Jina lao linatokana na maofisa wa jeshi walioasi dhidi ya mfalme wa Urusi mwezi Desemba 1825, na jina hilo peke yake linakudokeza tabia yao: ni watu wa vitabu vya kale, wanaochanganya gitaa la umeme na akodioni, na ambao mtunzi wao ni nadra kuimba mapenzi bila kwanza kueleza anayesema ni nani, ameishi karne gani na meli yake imezama wapi. Wimbo wao unaotajwa zaidi katika mtindo huo ni "The Mariner's Revenge Song", uliomo katika albamu ya Picaresque ya mwaka 2005 na unaokaribia dakika tisa. Watu wawili wamenusurika ndani ya tumbo la nyangumi, na mmoja anamsimulia mwenzake, kwa utulivu wa kutisha, kwa nini amemsaka tangu utotoni: yeye ndiye aliyemtelekeza mama yake na madeni ya kamari hadi akafa katika ufukara. Wimbo huo unapopigwa jukwaani, hadhira hutakiwa kupiga mayowe pale nyangumi anapoimeza meli.

Hadi hapo walikuwa na lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kurekodi, kwanza Hush ya Portland, kisha Kill Rock Stars ya Olympia katika jimbo la Washington. Katika mwaka huohuo wa 2005 walisambaza video yao moja bure kwa njia ya BitTorrent, mfumo wa watu kubadilishana mafaili kwenye mtandao, wakati ambapo kampuni kubwa za muziki za Marekani zilikuwa zikiwafikisha mahakamani watu waliobadilishana mafaili ya nyimbo. Kisha, mwishoni mwa mwaka huo, wakatia saini na Capitol, mojawapo ya kampuni kubwa za kurekodi.

Kwa mujibu wa ile imani, tulipaswa kupokea nyimbo kumi za dakika tatu. Tulichopokea mwaka 2006 ni The Crane Wife, albamu iliyojengwa juu ya ngano ya Kijapani kuhusu mtu aliyemwokoa korongo aliyejeruhiwa, na ambayo ina wimbo mmoja wa zaidi ya dakika kumi na mbili uliounganishwa kwa sehemu tatu. Humo humo kuna wimbo kuhusu genge la wauaji la Belfast la miaka ya 1970, ulioimbwa kwa sauti ya mzazi anayewatisha watoto walale. Kama hiyo haitoshi, mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilitoa The Hazards of Love, opera ya roki yenye nyimbo 17 zinazofuatana bila pumziko, ambamo kuna msichana aitwaye Margaret, mpenzi anayebadilika umbo, malkia wa msituni, na baba anayewaua watoto wake mwenyewe ili abaki huru. Walizunguka wakiipiga yote, mwanzo hadi mwisho, mbele ya hadhira ambayo bila shaka ilikuwa na watu waliokuja kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Nionyesheni lebo ndogo iliyowahi kuwa na subira ya kiasi hicho.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2011 kwa The King Is Dead: nyimbo kumi, dakika zipatazo arobaini, iliyorekodiwa ghalani katika shamba nje ya Portland, pamoja na Peter Buck wa bendi ya R.E.M. na mwimbaji Gillian Welch kama wageni. Ilishika namba moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na kuuza takriban nakala 94,000 katika wiki ya kwanza. Ni kweli kwamba albamu iliyouzika hivyo ndiyo iliyopunguza hadithi, lakini ilikuja miaka mitano baada ya albamu ya kwanza ya Capitol. Kampuni inayotaka kukufuga haisubiri hadi umalize opera.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umetaka albamu na miaka, nami nitakupa, ila kwanza niseme kwamba umeushambulia upande dhaifu wa hoja yetu na kuuacha ule wenye nguvu. Hakuna mtu makini anayedhani kwamba meneja wa kampuni huingia studio na mkasi. Pesa hufanya kazi polepole. Bendi ikishahamia kumbi kubwa, ina wafanyakazi wa kulipa, magari ya kukodi, na matarajio ambayo hayakuwepo ilipokuwa ikipiga kwenye baa za Portland. Na siku mtunzi anapokaa na gitaa lake, matarajio hayo yamekaa pamoja naye hata kama hakuna aliyeyataja.

Sasa tazama mfululizo. Mwaka 2011, nyimbo fupi. Mwaka 2015, What a Terrible World, What a Beautiful World, albamu nzuri lakini yenye nyimbo ambazo nyingi zingeweza kuimbwa na bendi nyingine yoyote yenye adabu. Mwaka 2018, I'll Be Your Girl, iliyosimamiwa na mtayarishaji John Congleton, ambamo sinthesaiza, vinanda vya milio ya kielektroniki, zimechukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya akodioni. Zote tatu ni za Capitol. Halafu wanaachana na Capitol, wanatoa As It Ever Was, So It Will Be Again mwaka 2024 kwa lebo yao wenyewe ya YABB, na ghafla tunapata albamu ya santuri mbili inayofungwa na wimbo wa dakika 19 kuhusu Joan wa Arc, shujaa wa kale wa Ufaransa. Ninyi mnaopenda ushahidi, iteni hiyo sadfa.

Kuhusu wimbo wa wauaji wa Belfast, ningekusihi usiutumie kama kipimo cha uhuru. Waliouawa na genge lile walikuwa watu halisi, na jamaa zao wapo hai. Kampuni kukubali wimbo wa namna hiyo hakuthibitishi ujasiri wowote, kwa sababu ukatili wa mbali haujawahi kuwa mgumu kuuza.

Mchangiaji wa pili

Sahihisho mawili ya haraka, kisha nitawaachia uwanja. Albamu ya 2018 mnayoilaumu kwa sinthesaiza ina "Rusalka, Rusalka / Wild Rushes", simulizi ya zaidi ya dakika nane kuhusu kiumbe wa majini wa ngano za Kislavoni anayemvuta mwanadamu hadi kilindini. Na The King Is Dead haikuzitupa hadithi zote: "Rox in the Box" inazungumzia wachimbaji wa shaba wa Butte, Montana, na inautaja mgodi wa Granite Mountain, ambako moto wa mwaka 1917 uliua watu 168. Ni wimbo wa dakika tatu na ushee. Msimulizi akiwa na dakika tatu badala ya tisa, bado ni msimulizi.

Mleta mada

Nashukuru kwa sahihisho, na ninakiri kwamba sikuwa nimeipima vizuri albamu ya 2018. Niliisikiliza mara mbili nikaiweka kando kwa sababu ya ile milio, jambo ambalo si la haki kwa mtu anayedai ushahidi.

Nimjibu mchangiaji wa kwanza. Hoja yake ya pesa ya polepole ina mvuto, lakini ina kasoro moja kubwa: haiwezi kushindwa. Nyimbo zikiwa ndefu, kampuni bado haijamkamata mtunzi. Zikiwa fupi, imemkamata. Zikirejea kuwa ndefu, ametoroka. Hoja inayopokea matokeo yote inatueleza machache kuhusu tokeo lolote.

Mimi napendekeza tutazame kilichotokea katika maisha ya watu wenyewe. Mwaka 2011, ule ule ambao nyimbo zilikuwa fupi, Meloy alichapisha Wildwood, riwaya ya watoto yenye zaidi ya kurasa 500, iliyochorwa na mkewe Carson Ellis, ambaye pia ndiye mchoraji wa majalada ya albamu za bendi. Vitabu vingine viwili vya mfululizo huo vikafuata. Mtu aliyekuwa akizibana hadithi zake ndani ya wimbo alikuwa amepata chombo kingine cha kuzimimina, na kwa maoni yangu ni jambo la kawaida kabisa kwamba ndoo moja ilipungua maji. Katika mwaka huohuo, mpiga akodioni na kinanda wao, Jenny Conlee, aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa akapona, na baada ya ziara za albamu ile bendi ilipumzika kwa muda mrefu. Ukiyaweka hayo mezani, ninyi bado mnaona mkono wa Capitol?

Na kuna jambo jingine. Mwaka 2017 walishirikiana na mwimbaji Mwingereza Olivia Chaney kwa jina la Offa Rex, wakatoa albamu ya nyimbo za jadi za Uingereza, zile zilizomvutia Meloy hata akatunga The Hazards of Love, ambayo jina lake lilitoka kwenye rekodi ya mwimbaji wa nyimbo hizo, Anne Briggs, ya mwaka 1964. Albamu hiyo ilitolewa na Nonesuch, iliyo chini ya Warner, kampuni kubwa isiyo na mjadala, na ikapendekezwa kuwania Grammy upande wa muziki wa jadi. Sidhani kwamba kuna kazi yao isiyojali soko kuliko hiyo.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuingia kwa kuwa nyote wawili mnazungumza kana kwamba kuna pande mbili tu, kampuni na mtunzi, na mnamsahau wa tatu ambaye ni sisi.

Turudi kwenye ile ngano ya korongo. Mtu anamponya ndege. Baadaye mwanamke mgeni anabisha hodi, wanaoana, na mke anafuma vitambaa vya thamani kwa sharti moja, kwamba mume asimchungulie anapofuma. Mume anaonja pesa, anadai zaidi, na mwishowe anachungulia na kumkuta korongo aking'oa manyoya yake mwenyewe ili kufuma. Ndege anaruka na harudi tena. Kila nikisoma mijadala kuhusu bendi hii, mume yule hupewa sura ya kampuni, lakini anayedai kitambaa kilekile kwa rangi ileile kila mwaka ni msikilizaji. Aliyeipenda Picaresque alitaka Picaresque nyingine. Aliyeingia mwaka 2011 kupitia wimbo "Down by the Water" wa The King Is Dead hataki kusikia habari za malkia wa msituni.

Meloy analijua hilo, na alilitungia wimbo. Albamu ya 2015 inafunguliwa na "The Singer Addresses His Audience", ambamo mwimbaji wa bendi anawaeleza mashabiki, kwa niaba ya wenzake, kwamba wamelazimika kubadilika. Kuna watu waliosikia humo dharau na wengine wakasikia ombi la radhi. Mimi nasikia mhusika wa kubuni kama yule wa tumbo la nyangumi, mtu asiyeaminika kikamilifu, anayejitetea mbele ya watu aliowauzia jambo fulani. Katika albamu ambayo mchangiaji wa kwanza anasema ingeweza kuimbwa na bendi yoyote, wimbo wa kwanza kabisa ni hadithi, na hadithi yenyewe ni ubishi huu tunaobishana hapa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mchangiaji wa tatu, wimbo ule nilikuwa nimeusikia kama tangazo la bendi, na sikuwahi kuufikiria kama maneno ya mhusika. Nitaurudia usiku huu. Kama ndivyo ulivyo, basi nafuta sentensi yangu kuhusu albamu ya 2015, ingawa siifuti kwa nyimbo nyingine zilizomo.

Kwako mleta mada, nakubali kwamba hoja isiyoweza kushindwa ni hoja mbovu, kwa hiyo naipa yangu mahali pa kushindwa. Nadai kwamba bendi yenye lebo yake yenyewe haitarudi kwenye albamu ya nyimbo kumi za dakika nne. Wimbo wa Joan wa Arc una kipande kirefu katikati ambacho kwa dakika kadhaa hakina mashairi wala mdundo, ni mvumo tu, na hakuna ofisi iliyoombwa ruhusa kabla ya kukiweka. Albamu ijayo ikija fupi, safi, tayari kwa redio, nitarudi hapa kusema kwamba nilikosea. Lakini ikija ndefu, nitakuomba wewe unieleze tena habari za ndoo na maji, kwa sababu vitabu ameendelea kuviandika.

Mleta mada

Nimekubali masharti, isipokuwa moja. Ikija fupi na nzuri, usije kusema umekosea kwa sauti ya mtu aliyefiwa.