Herufi N kwenye pakiti ya nyanya: ukinzani wake umetoka wapi?

Mkulima wa Kilosa
Ndugu zangu, nilinunua mbegu chotara za nyanya zenye herufi N kwenye pakiti, nikaelezwa dukani kwamba herufi hiyo ni alama ya ukinzani dhidi ya minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaotia mizizi vinundu, na kwamba ukinzani huo ulirithiwa kutoka kwa nyanya mwitu ya Peru. Hata hivyo, nilipong'oa mimea michache ndani ya kitalu nyumba mwezi Februari, niliikuta mizizi imejaa vinundu. Je, habari hiyo ni ya kweli, au niliuziwa maneno?

Mtafiti wa Mbegu
Ni ya kweli. Mmea wenyewe ni Solanum peruvianum, ambao matunda yake madogo hubaki ya kijani hata yakiiva, wala hakuna ambaye angeyapanga sokoni. Ugumu ni kwamba ukiuchavusha na nyanya ya kawaida, kiinitete hufa ndani ya mbegu kabla hakijakomaa. Mwaka 1944, mtafiti P. G. Smith wa California alieleza jinsi alivyokitoa kingali hai na kukilea maabara. Karibu nyanya zote za biashara zenye jeni ya ukinzani huo, iitwayo Mi, zimetokana na uzao huo mmoja, jambo ambalo hunistaajabisha mpaka leo.

Bwana Shamba Mstaafu
Ndugu Mkulima, hukudanganywa, ila hukuambiwa yote. Jeni ya Mi hulegea joto la udongo linapozidi nyuzi 28 hivi, na chini ya nailoni mwezi Februari joto hufika huko upesi. Tena huwazuia minyoo fundo wa aina za Meloidogyne incognita, javanica na arenaria, lakini si wa aina ya hapla, ambaye ni wa nyanda za baridi. Kwa hiyo huko kwako nashuku joto kwanza. Tandaza nyasi kavu, fungua pande za kitalu mchana, na usifuatishe bamia wala biringanya hapo, kwani nazo huwalisha minyoo hao.

Mkulima wa Kilosa
Nashukuru sana, mzee wangu. Je, hakuna jeni inayovumilia joto?

Mtafiti wa Mbegu
Ipo, nayo huitwa Mi-9, kutoka Solanum arcanum, nyanya mwitu nyingine ya Peru. Kuihamishia kwenye nyanya ya shambani ni kazi ya miaka, kwa sababu jeni haisafiri peke yake: huburuta na sifa za porini, ambazo lazima ziondolewe kizazi baada ya kizazi.