Naomba ushauri: bango la sabuni niweke sura ya nani?

Assalam aleikum ndugu zangu. Nauza sabuni na mafuta ya nazi Kongowea, Mombasa, sasa nataka bango karibu na feri Likoni. Mpiga picha ashikilia nitumie msichana mweupe, eti ndiye anayeuza. Sitaki. Wateja wangu ni weusi tii na maji ya kunde, wa buibui na wa suruali, na anayeninunulia zaidi ni kaka wa kiti cha magurudumu.

Kampuni kubwa zimepitia haya. Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi, ilianza 2017 na rangi 40 za fandesheni (kipodozi cha uso cha kulingana na rangi ya ngozi), wengine wakafuata. Mwaka huohuo Dove, ile ya sabuni, ikaomba radhi: tangazo lilionyesha mwanamke mweusi akivua fulana, akatokea mweupe! Mwenye Dove, Unilever, mwaka 2020 akaligeuza jina la krimu yake ya kung'arisha ngozi, Fair & Lovely kuwa Glow & Lovely. Krimu ikabaki sokoni (hapo mimi sijaridhika).

Je, niwaweke wote pamoja? Naogopa litafanana na baraza la chifu. Au mmoja mmoja, nibadilishe kila mwezi? Na mteja nikimpiga picha, nimlipe pesa au sabuni? Ruhusa tuandikiane vipi? Waliowahi kufanya, nielezeni.