Zombi anaanguka mnara mzima na hafi: maporomoko yetu yana kasoro gani?

MjombaWaTukuyu

Habarini wakuu. Nipo Tukuyu, mvua haijakatika wiki hizi, kwa hiyo jioni mimi na mpwa wangu wa darasa la sita tunajifungia na Minecraft, ule mchezo wa kujenga ulimwengu kwa bloku. Tunacheza toleo la Java kwenye kompyuta, na ugumu tumeweka ule wa juu kabisa.

Tumejenga maporomoko kwa mfano wa Kaporogwe. Aliyefika pale anajua: maji yanashuka mbele ya mwamba, na nyuma ya maji kuna pango unaloweza kuingia ukasimama. Tumepanga mawe, tumeotesha mianzi pembeni, na juu ya mwamba tumeficha chumba cha giza ambamo maadui wanatokea. Maji yanawasukuma hadi ukingoni, wanashuka na poromoko mpaka bwawani. Nia yetu ni waumie hadi wabaki hoi, tuwamalizie kwa ngumi, tupate XP (pointi za uzoefu) za kutia nguvu upanga na sururu.

Sasa zombi anashuka urefu wote ule, anatua, anatufuata akiwa mzima kabisa. Tukatoboa tundu la pili pembeni, kavu, linalotua kwenye sakafu ya mawe. Hapo mambo yakazidi kuchanganyika: buibui wanafika chini wameshakufa, zombi na skeletoni (wale wa mifupa mitupu) nao wanakufa, ila mchawi anafika, anakunywa dawa zake, anaanza kuturushia sumu. XP hakuna, nyama iliyooza imejaa masanduku. Halafu mpwa wangu, ambaye babu yake analima viazi, ameambiwa na wenzake kwamba zombi huwa anaangusha kiazi. Anakisubiri hicho kiazi kuliko huo upanga, na hajakiona.

Nifahamisheni: dameji (madhara) ya kuanguka kwa maadui inahesabiwaje hasa? Kubomoa maporomoko sitaki, yamependeza mno.

KijanaMafinga

Kamwene mkuu. Maji ya chini ndiyo yanayowaokoa. Hata kina cha bloku moja kinafuta dameji yote, aanguke kutoka wapi sijui. Na ukimaliza tupia picha, hiyo Kaporogwe tuione.

DadaUyole

Mjomba pole na mvua, huku Uyole nako ni matope tu. Mitego ya aina hii naipenda sana, hasa hesabu yake, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Bloku 3 za kwanza za kuanguka ni bure. Kuanzia ya 4, kila bloku inakata pointi 1 ya uhai, yaani nusu moyo. Hesabu hiyo ni moja kwa zombi, kwa buibui na kwa wewe mwenyewe. Deraya haipunguzi kitu, hata akivaa ya almasi; kinachopunguza ni viatu vilivyotiwa nguvu mahsusi ya kuanguka. Kwa hiyo tofauti unazoziona zinatokana na uhai ambao kila adui anaanza nao.

Zombi, skeletoni na kripa (yule anayelipuka) wana pointi 20. Akianguka bloku 22 anakatwa 19, anabaki na 1, na ngumi moja au mbili zinammaliza. Akianguka 23 amekufa. Tundu lenu kavu nina hakika limepita 22. XP inatoka pale tu mchezaji anapokuwa amempiga adui muda mfupi kabla hajafa. Akijifia sakafuni anaacha nyama, mifupa, baruti, basi. Na kiazi cha mpwa wako kinafuata sheria hiyohiyo. Kiazi, karoti na kipande cha chuma ni vitu vya nadra, na zombi anaviangusha akiuawa na mchezaji tu. Mngeendelea na lile tundu mngejaza masanduku mwaka mzima bila kiazi hata kimoja.

Buibui ana pointi 16, kwa hiyo bloku 19 zinamuua. Kwenye tundu la 22 lazima afe, hilo halina dawa kwa urefu. Ukisimamisha nguzo ndani ya chumba cha giza, kati ya nguzo na nguzo ukaacha bloku 2, buibui hapati nafasi ya kutokea kwa sababu mwili wake ni mpana kuliko bloku moja, wakati zombi anatokea kama kawaida. Mchawi ana 26: kwenye bloku 22 anabaki na 7, na akiwa na 7 anajitibu. Mimi mchawi nampiga kwanza kabla ya wote, simsubiri. Endamani, yule mweusi mrefu, ana 40, lakini huyo muondoe mapema kwa kushusha dari ya chumba iwe na nafasi ya bloku 2 tu. Hawezi kutokea mahali asipoweza kusimama.

Sasa maporomoko. Usibomoe hata jiwe. KijanaMafinga yupo sahihi kuhusu bwawa, ila hata ukilikausha bado utakuwa na tatizo, kwa sababu adui anashuka akiwa ndani ya maji yenyewe. Aliye ndani ya maji hana anguko linalohesabiwa. Akitoka, hesabu inaanza sifuri. Lakini wewe mwenyewe umesema Kaporogwe ina pango nyuma ya maji! Litumie. Tundu la kuangukia lipitishe ndani ya mwamba, likavu kutoka juu hadi chini, litue pangoni. Poromoko liache mbele lishuke kama pazia, nyie mnaingia kwa nyuma kuwamalizia. Pale juu, mdomoni mwa tundu, bandika vibao vya maandishi: maji yanaishia kwenye kibao, zombi anapita na kudondoka. Kumbuka pia maji yakitoka kwenye chanzo chake yanatembea bloku 7 kwenye tambarare, kwa hiyo mfereji usiurefushe kupita hapo bila kuweka chanzo kingine au kushusha sakafu ngazi moja.

Kupima urefu kuna njia ninayoiamini kuliko kuhesabu kwa macho. Mchezaji naye ana pointi 20, sawasawa na zombi. Lala kwanza kwenye kitanda cha karibu ili ukifa uamkie hapohapo. Weka vitu vyote sandukuni, vua viatu, hakikisha mioyo 10 imejaa, kisha jidondoshe tunduni. Angalia mioyo pale pale unapotua, maana ukiwa umeshiba inaanza kurudi upesi. Ikibaki nusu moyo, tundu lipo sawa. Ukifa, inua sakafu bloku moja. Ikibaki zaidi ya nusu, chimba.

Halafu niambie sakafu ya chini imetengenezwa na nini. Robota la nyasi linameza sehemu 4 kati ya 5 za dameji, bloku ya asali vilevile, na theluji laini ile ya kuzama inafuta yote.

MjombaWaTukuyu

Dada Uyole, Mungu akubariki. Robota zilikuwepo kweli, mpwa wangu alizipanga bwawani kando kando ili pafanane na zizi la babu. Tumezihamishia nje, pangoni tumeweka mawe matupu.

Tundu tumelipitisha nyuma ya maji. Aliyeruka kupima ni yeye, hakunipa nafasi. Alitua na nusu moyo, akapiga kelele mama yake akaja kuangalia kuna nini! Zombi sasa wanaanguka kwa ngumi moja au mbili, na tukiwa pangoni sauti ya maji ipo mbele yetu kama kule kwenyewe.

Yamebaki matatu. Kuna zombi mtoto anashuka akiwa amepanda kuku, anatua polepole bila kuumia. Kuna zombi mmoja mmoja anakula ngumi nyingi sana na bado amesimama, wakati ametoka tundu lile lile. Na kripa anatua tu, tukimkaribia analipuka kabla hatujanyoosha mkono, ametoboa ukuta wa pango.

KijanaMafinga

Hayo niachie mimi mkuu.

Kuku haumii kwa kuanguka kokote, anapiga mabawa na kushuka taratibu, na aliyempanda anashuka salama pamoja naye. Paka na golemu la chuma nao hawaumii, ila hao hawatakusumbua mtegoni. Huyo zombi mtoto mkabili kwa upanga, usimwachie mpwa peke yake maana ana mbio. Akifa anatoa XP 12, zombi mkubwa anatoa 5, kwa hiyo ana faida yake.

Zombi sugu ni kiongozi. Kwenye ugumu huo mliouchagua, wachache wanatokea na uhai ulioongezwa mara kadhaa, basi zile 19 alizokatwa kwake ni mchubuko. Msibadilishe tundu kwa ajili yake, mtaharibu kwa wengine wote. Upanga tu.

Kripa ndiye wa kuangalia sana. Kwenye Java anguko linasogeza utambi wake mbele. Akitua kutoka juu vile, utambi umebakiza robo ya sekunde hivi, kwa hiyo akikukuta karibu analipuka palepale. Asipokuwa na mtu karibu, utambi unarudi nyuma wenyewe kwa sekunde moja na kidogo. Basi kaeni mbali na mahali wanapotua, bloku 5 au 6, wakishatua subirini kidogo, ndiyo msogee na kupiga. Akianza upya anahitaji sekunde 1 na nusu kulipuka, na ngumi moja ni ya haraka kuliko hapo.

Jambo moja zaidi, la nje ya mtego. Kripa akiwa anakufukuza huwa anakubali kujirusha kutoka juu sana, almuradi anguko lisimuue. Zombi naye anathubutu zaidi kadiri ugumu unavyopanda. Mkijenga nyumba chini ya mwamba msidhani mwamba ni ukuta.

MjombaWaTukuyu

Asante sana kijana. Tumefanya hivyo na pango limepona. Swali la mwisho ni la mpwa mwenyewe: anataka kuujenga mtego huu kwenye simu ya mama yake. Hesabu ni ileile?

DadaUyole

Mwambie shangazi yake wa Uyole amefurahi sana kusikia ameruka yeye.

Kwenye simu kuanguka kunahesabiwa vilevile, bloku 22 kwa zombi wa pointi 20. Kinachobadilika ni umbali wa maadui kutokea. Aingie kwenye mipangilio ya ulimwengu wake aangalie umbali wa uigaji (simulation distance), yaani eneo linalomzunguka ambalo mchezo unaliendesha. Simu nyingi unakuwa 4. Ukiwa 4, maadui wanatokea kati ya bloku 24 na 44 kutoka aliposimama, na adui akipita 44 anatoweka. Tundu ni bloku 22, kwa hiyo akisimama chini kabisa, sehemu ya chumba iliyo juu ya kichwa chake ipo karibu mno na haitazalisha kitu. Apandishe chumba cha giza bloku chache juu ya mdomo wa tundu, mfereji ushuke kwa ngazi hadi pale. Maji ya kwenye ngazi hayaharibu hesabu, inaanza pale zombi anapoyaacha. Na kiazi akikipata asikile, akipande. Kimoja kinatosha kuanzisha shamba.