Filamu zenye kompyuta: zipi zinafaa kutazamwa, na zipi zinachekesha bila kukusudia?

Swali kutoka kwa Mwalimu wa Kompyuta

Habari zenu wadau. Ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameomba tutenge jioni moja kila mwezi kwa ajili ya kutazama filamu na kuijadili. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha, kwa kuwa wengi wao walivutwa na kompyuta kupitia stelingi wa filamu kabla hawajapata kugusa kibodi. Hata hivyo, picha waliyonayo vichwani ni ile ya mdukuzi anayechapa kwa kasi bila kutua, maandishi ya kijani yakiporomoka kwenye skrini, na hatimaye maneno makubwa mekundu yakitangaza kwamba mfumo umefunguka. Wanapoingia maabara na kukuta kwamba kazi yenyewe ni kusoma kwa utulivu ujumbe wa kosa na kutafuta mstari ulioleta hitilafu, baadhi yao hukata tamaa mapema.

Ninaomba mapendekezo ya filamu nzuri ambazo waandaaji wake walijitahidi kuielewa kompyuta, pamoja na matukio ya kuchekesha ninayoweza kuwaonyesha kisha nikawauliza ni kwa nini hayawezekani. Ningependa kila kicheko kiwe na somo ndani yake, na ningeshukuru mkinitahadharisha kuhusu filamu zisizofaa kwa vijana wa umri huo.

Jibu kutoka kwa Fundi Mitandao

Mwalimu, hongera kwa wazo hilo. Mimi ninasimamia mitandao na seva kwa kazi yangu ya kila siku, na kama ningeruhusiwa kuchagua filamu moja tu kwa darasa lako, ningechagua WarGames ya mwaka 1983, iliyoongozwa na John Badham. Ina zaidi ya miaka 40, lakini udukuzi wake una ukweli kuliko filamu nyingi zilizotengenezwa baadaye. Kijana David anaiagiza kompyuta yake ipige namba za simu za mji mmoja wa California, moja baada ya nyingine, hadi modemu nyingine, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa njia ya simu, iitikie, na hiyo ni mbinu iliyokuwa ikitumika kweli. Nywila ya shule yake anaipata kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi ofisini. Nywila ya mfumo wa kijeshi anaipata baada ya kutumia siku nyingi akisoma habari za mwanasayansi aliyeutengeneza, mpaka anapogundua kwamba mzee huyo alitumia jina la mwanawe aliyefariki. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayotegemea kasi ya vidole.

Filamu hiyo iliacha alama hata serikalini. Rais Ronald Reagan wa Marekani aliitazama Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa nchi hiyo, mwezi Juni 1983, kisha akamuuliza mkuu wa majeshi, Jenerali John Vessey, kama jambo la namna hiyo lingeweza kutokea. Jenerali alikwenda kuchunguza na kurejea na jibu kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko rais alivyodhani, na mwezi Septemba 1984 Reagan alitia saini agizo la usalama wa mifumo ya kompyuta ya serikali.

Hata hivyo, ndani ya filamu hiyo hiyo kuna kosa litakalokupa somo zuri la hesabu. Karibu na mwisho, kompyuta inabahatisha msimbo wa kurushia makombora, na inapata herufi au namba moja, inaishikilia, kisha inahamia nyingine. Filamu nyingi zimeiga jambo hilo. Waulize wanafunzi wako: kama msimbo una tarakimu 10 na mfumo unakuambia kila tarakimu uliyopatia, utajaribu mara ngapi? Hata ukikosa bahati kabisa, hutazidi mara 100. Mfumo uliotengenezwa vizuri hausemi chochote mpaka umeweka msimbo wote, na hapo majaribio yanayowezekana yanafika 10,000,000,000. Mwanafunzi akiielewa tofauti hiyo, atakuwa ameelewa kwa nini ujumbe wa kosa wa mfumo mzuri unasema kwamba jina au nywila si sahihi, bila kubainisha ni kipi kati ya hivyo viwili.

Filamu ya pili ninayoipendekeza kwa dhati ni Sneakers ya 1992. Hotuba ya mtaalamu wa hisabati iliyomo ndani yake iliandaliwa kwa msaada wa Leonard Adleman, mmoja wa wavumbuzi watatu wa RSA, njia ya usimbaji, yaani ya kuficha ujumbe kwa hesabu, ambaye herufi ya mwisho katika jina hilo ni yake. Ndani yake mnaona kundi la watu wanaolipwa ili kujaribu ulinzi wa makampuni, na kikwazo kimoja wanakivuka kwa kumchanganya mlinzi wa mapokezi kwa keki na maputo. Katika kazi yangu hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko programu yoyote: mtu mwema aliyechoka, anayemfungulia mlango mgeni mwenye haraka.

Swordfish ya 2001 usiionyeshe shuleni, kwa kuwa ina ukatili na picha zisizofaa. Inatosha kuwaeleza kwamba mdukuzi anashikiwa bastola na kupewa sekunde 60 avunje ulinzi wa mfumo wa serikali, naye anafaulu.

Jibu kutoka kwa Mpigapicha

Ndugu Fundi amesema vizuri kuhusu nywila, lakini kicheko changu kikubwa hunijia pale polisi wa filamu anaposema picha ikuzwe. Kamera ya usalama imenasa gari kwa mbali, picha ina ukungu, mtaalamu anabonyeza kitufe, na namba ya gari inaonekana wazi kama imepigwa jana studio. Wateja wangu huniletea picha ndogo iliyopita katika simu tano, kila simu ikiibana zaidi, nao wanataka niikuze iwe bango la harusi, na wanapoambiwa haiwezekani hutoa mfano wa filamu. Ndiyo maana ninaona jambo hili lina madhara hata nje ya sinema.

Mwalimu, lieleze hivi. Picha ya kidijitali ni jedwali la namba, na kila kipikseli, yaani kila nukta ya picha hiyo, kina rangi moja tu. Ikiwa namba nzima ya gari imechukua vipikseli sita kwa upana, basi hakuna vipikseli vya kutosha hata kutenganisha herufi moja na nyingine, na habari ambayo kamera haikuinasa haiwezi kufufuliwa na programu yoyote. Kuna ukweli kidogo katika jambo hili, na vijana waujue pia: ukiwa na video, unaweza kuunganisha fremu nyingi za kitu kilekile na kupata undani kiasi kuliko ulio katika fremu moja. Programu za leo za akili bandia nazo hutoa picha safi kutoka kwenye picha yenye ukungu, lakini hukisia undani kutokana na picha nyingine zilizofunzwa nazo. Uso unaouona ni uso unaoelekea kufanana, na mtu akifungwa kwa ushahidi wa aina hiyo atakuwa amefungwa kwa kukisia.

Mfano wa kuonyesha darasani uko katika Enemy of the State ya 1998, ambapo wapelelezi wanachukua picha ya kamera moja ya dukani na kuizungusha ili waone upande wa pili wa mfuko. Blade Runner ya 1982 ilifanya jambo linalokaribiana na hilo, mpelelezi akiingia ndani ya picha na kuchungulia kona, ingawa mimi naisamehe kwa kuwa ni hadithi ya wakati ujao na mashine yake haidai kuwa kamera tunayoijua.

Jibu kutoka kwa Mwanaprogramu

Ninakubaliana na wote wawili, lakini ninaomba tuwe waangalifu kabla ya kucheka, kwa sababu vicheko vingine vimetugeuka. Katika Jurassic Park ya 1993, msichana anaketi mbele ya kompyuta, anaona majengo yenye pembe nne yakielea kwenye skrini, na anatangaza kwa furaha kwamba huo ni mfumo wa UNIX na kwamba anaujua. Watu wameicheka skrini hiyo kwa miaka mingi wakidhani ilibuniwa na wachoraji wa studio. Ilikuwa programu halisi ya kuonyesha mafaili kwa picha za pande tatu, iliyotengenezwa na Silicon Graphics kwa ajili ya mashine zao, na mfumo wa mashine hizo ulikuwa kweli wa jamii ya UNIX. Hali kadhalika The Net ya 1995: wapo waliomshangaa Sandra Bullock akiagiza piza kwa kompyuta, wakati Pizza Hut walikuwa tayari wameanza kupokea maagizo ya mtandaoni huko Santa Cruz mwaka 1994.

Cha kucheka katika The Net ni anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kompyuta mtandaoni, yenye namba 345 ndani yake. Katika anwani za kawaida, kila moja ya namba nne hubeba biti 8, kwa hiyo haiwezi kupita 255. Ninaelewa kwamba mtengenezaji wa filamu hataki kuonyesha anwani ya mtu halisi, lakini leo kuna anwani zilizotengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kama zile zinazoanza na 192.0.2, na waandaaji makini wangeweza kuzitumia.

Independence Day ya 1996 ndiyo ambayo ningeitumia kufungua mjadala mrefu. Mtaalamu anachukua kompyuta ndogo ya Apple, anaingia nayo katika chombo cha viumbe kutoka anga za mbali, na anawaambukiza kirusi. Kirusi cha kompyuta ni programu kama programu nyingine, na lazima kiandikwe kwa lugha ambayo mashine ile inaielewa, kwa ajili ya mfumo uliomo ndani yake. Hata hapa duniani, kilichoandikwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida hakifanyi kazi katika simu yako. Baada ya kicheko hicho, watazameni Zero Days ya 2016, filamu ya kumbukumbu ya Alex Gibney kuhusu Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010. Hicho kilivuruga mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, na kiliweza kwa sababu watengenezaji wake walivijua vidhibiti vya Siemens vilivyokuwa vikiziendesha mashine hizo, hadi kasi ya kuzunguka kwake. Mwanafunzi akiona ni maarifa kiasi gani yalihitajika kuharibu kiwanda kimoja, ataelewa mwenyewe kwa nini mchana mmoja usingetosha kuangusha majeshi ya sayari nyingine.

Kwa upande wa filamu ya kuigiza, sehemu ya mwanzo ya The Social Network ya 2010 inastahili kutazamwa mara mbili. Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, anakusanya picha za wanafunzi wa mabweni ya Chuo Kikuu cha Harvard, na anachokisema ni kile ambacho mwanaprogramu angekisema: bweni hili mafaili yake yako wazi, lile linahitaji programu fupi ya lugha ya Perl, jingine lina kizuizi tofauti. Anasoma, anarekebisha, anaendelea, na bado tukio zima linasisimua. Ina ulevi, kwa hiyo kwa kidato cha tatu ningeonyesha kipande hicho tu na kueleza pia kwamba alichokifanya kilikuwa kosa.

Jibu kutoka kwa Mkutubi

Mwalimu, ninashangaa hakuna aliyetaja Hidden Figures ya 2016, ambayo haina tukio la kumwaibisha mzazi yeyote na inawahusu wasichana wako moja kwa moja. Katherine Johnson, Dorothy Vaughan na Mary Jackson walifanya kazi ya hesabu NASA wakati wafanyakazi wa aina hiyo wenyewe waliitwa kompyuta. Tukio la Dorothy Vaughan akijifunza Fortran, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya mashine mpya ya IBM ndilo ningelisisitiza, kwa kuwa anaona kazi yake inakaribia kuchukuliwa na mashine, na anaamua yeye na wenzake wawe ndio watakaoiendesha. Filamu imeharakisha mambo: Katherine Johnson anaonekana akihakiki hesabu za safari ya mwanaanga John Glenn ya tarehe 20 Februari 1962 muda mfupi kabla ya roketi kuruka, ilhali uhakiki wenyewe ulimchukua siku moja na nusu. Waulize wanafunzi ni kitu gani kinapotea tunapoifanya kazi ya siku moja na nusu ionekane ya dakika chache.

The Imitation Game ya 2014 ionyeshe kwa tahadhari. Imeigizwa vizuri sana, lakini inamfanya Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, aonekane kama mtu aliyejenga peke yake mashine ya kuvunja siri za Wajerumani wakati wa vita huku wenzake wakimpinga. Wanahisabati wa Poland, akiwemo Marian Rejewski, walikuwa wameifungua Enigma, mashine ya Wajerumani ya kusimba ujumbe, tangu mwaka 1932, na waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa maarifa yao Julai 1939. Mashine ya kwanza ya Turing pale Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja siri, iliitwa Victory, si Christopher kama filamu inavyodai.

Kwa ajili yako binafsi, Mwalimu, na si kwa darasa, tafuta Neptune Frost ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ilipigwa Rwanda, inasimulia habari za wadukuzi na wachimbaji wa koltani huko Burundi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha utakazozisikia. Udukuzi wake ni wa kishairi, hivyo hakuna amri ya kompyuta ya kuichunguza, lakini ni filamu adimu inayokumbusha kwamba ndani ya kila simu kuna madini yaliyochimbwa na mikono ya watu wa ukanda wetu.

Mwalimu wa Kompyuta anajibu

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nitaanza na WarGames mwezi huu, nikiisimamisha pale kompyuta inapobahatisha msimbo ili wapige hesabu wenyewe kabla ya kuona mwisho. Mwezi ujao itakuwa Hidden Figures, na wazazi watakaribishwa. Nina swali moja lililobaki: je, kuna tukio fupi la udukuzi wa kweli, lenye amri halisi, ninaloweza kulionyesha bila kuonyesha filamu nzima?

Fundi Mitandao anajibu

Lipo, katika The Matrix Reloaded ya 2003. Trinity anapoingia katika mfumo wa kituo cha umeme, anatumia Nmap, programu halisi ya kukagua mitandao ambayo mimi mwenyewe ninaitumia kazini, kisha anatumia udhaifu wa SSH, njia ya kuingia katika kompyuta ukiwa mbali, uliokuwa umegunduliwa kweli mwaka 2001. Filamu nzima haifai kwa umri huo, lakini kipande hicho ni cha sekunde chache. Kisimamishe kwenye skrini, waache wasome kila mstari, kisha waeleze kwamba mwenye kituo kile angekuwa ameweka sasisho kwa wakati, Trinity asingeingia.